Naomba unisimamie kwenye mazishi ya Babu

Cape Coast, Ghana
Jumatatu

Ndugu yangu Kioko,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba nyumbani kwenu wote hawajambo. Mimi mwili wangu ni mzima. Salamu nyingine naomba unisamehe nizifupishe, kwa kuwa leo ni siku yetu ya maandalizi, ambayo tunafulia, tunanunulia chakula cha wiki na kuandikia barua, nayo mazishi ni Jumamosi hii.

Nimeusoma tena na tena ujumbe ulioniletea Ijumaa. Umeuliza hili kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaoitwa Wamormoni, ni la namna gani hata limzuie kijana aliye misheni kumzika babu aliyemlea. Najua umeuliza kwa sababu ulimpenda Babu, na kwa sababu kwetu mjukuu asiyeonekana kaburini huzungumzwa miaka mingi. Ndiyo maana nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hujafika matangani, ambako kila mtu atakuwa na maelezo yake.

Hakuna aliyenizuia, Kioko. Baba alinipigia Alhamisi jioni tulipokuwa tunarudi kutoka ufukweni. Usiku uleule rais wa misheni akanipigia, akaomba pamoja nami, kisha akaniambia kwamba wamisionari wengi wanaofiwa hubaki kazini, lakini nizungumze na wazazi wangu kwanza na asingenilaumu kwa uamuzi wowote. Nilizungumza nao mpaka usiku wa manane. Mama alikuwa akilia tu. Baba ndiye aliyeniambia maneno ambayo Babu alimwachia wiki moja kabla ya kufariki: kwamba safari yangu hakuikubali tangu mwanzo, lakini mtu akishaondoka asirudishwe njiani. Baba alisema hawezi kuyavunja maneno ya baba yake kabla hata hajazikwa, nami sikuweza pia. Hivyo nimebaki, na wala sikutaka kubaki. Naomba uyashike yote mawili, kwa sababu watu watakuambia moja tu.

Unajua Babu alivyokuwa. Alikuwa mzee wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) tangu kabla Baba hajaoa, na Mama alipobatizwa katika tawi letu huko Chyulu, alinyamaza msimu mzima wa mvua. Nilipoacha chai kwa ajili ya Neno la Hekima, sheria ya kanisa letu inayoikataza, aliumia kuliko nilivyotarajia, kwa maana yeye kila asubuhi alimkaribisha mtu kwa kikombe cha chai, na mjukuu anayekikataa kikombe hicho ni kama anayemkataa mwenyewe. Susu, bibi yetu, ndiye aliyeanza kunichemshia maziwa matupu. Hata hivyo, barua yangu ya wito ilipofika, ni Babu aliyeuza mbuzi wawili ili ninunuliwe suti. Alisema mtoto wa nyumba yake hatapanda ndege akiwa na shati la kuazima, hata kama anakoenda yeye hakupendi.

Usiku wa kuamkia safari aliniuliza swali mbele ya Susu. Aliuliza kama kanisa hilo silo lililowanyima watu weusi ukuhani, na kama ni hilo, nimelisamehe kwa niaba ya nani. Nilimjibu ukweli nilioujua: kwamba ni kweli, mpaka Juni 1978 wanaume wa asili ya Kiafrika hawakupewa ukuhani, wala watu wetu, wanaume kwa wanawake, hawakuruhusiwa kupokea baraka kuu za hekaluni, na kwamba mwaka huo viongozi walitangaza ufunuo uliokiondoa kizuizi hicho. Akanitazama, akasema, “Hiyo ni tarehe. Si jibu.”

Kioko, nimelibeba swali hilo kila mahali. Hulibeba asubuhi tunapoamka saa kumi na mbili na nusu, tunaposoma maandiko, kila mtu peke yake kisha pamoja na mwenza, yaani mmisionari ninayefanya naye kazi, na tunapotoka saa nne tukiwa tumevaa mashati meupe na beji nyeusi zenye majina yetu. Mwenza wangu ni Mnigeria, kijana mpole anayepiga pasi hata soksi. Hatuachani, alipo yeye nipo, isipokuwa bafuni. Tunatembea sana. Kwa safari za mbali tunapanda trotro, ambazo ni matatu za huku, na utingo wake anaita abiria kama wale wa Machakos. Watu wanatukaribisha, wengine wanatufukuza kwa adabu, na jioni kabla ya saa tatu na nusu tunakuwa tumerudi nyumbani, miguu imechoka. Kila wiki chache yanatangazwa mabadiliko, nawe unaweza kuhamishiwa mji mwingine kabla hujamaliza kuyajua majina ya watoto wa jirani.

Nami kati ya sehemu zote nikapangiwa Cape Coast. Hapa alikuwako mtu aliyeitwa Joseph William Billy Johnson, ambaye alikipata Kitabu cha Mormoni mwaka 1964, akakiamini, akaanza kuhubiri na kukusanya watu. Aliandika barua Salt Lake City, akaomba watumiwe wamisionari, nao hawakuja. Watu wake waliabudu miaka 14 bila mmisionari hata mmoja, mpaka Desemba 1978 wamisionari walipofika na ubatizo ukaanza. Katika kata yetu, yaani kusanyiko letu la hapa, yupo mama mzee aliyekuwa msichana wakati ule. Nilimpelekea swali la Babu kama lilivyo. Alilisikiliza mpaka mwisho, akasema babu yangu ameuliza vizuri, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulia kwa ajili ya jambo hilo. Kisha akasema kwamba wao hawakungoja mtu wa ng’ambo awakubali ndipo wamwamini Mungu, na kwamba aliyefika mwaka 1978 aliwakuta wakiimba tayari. Baadaye, serikali ilipopiga marufuku shughuli za kanisa kuanzia Juni 1989 hadi Novemba 1990, wamisionari wa kigeni waliondoka na majengo yakafungwa, lakini yeye na jirani zake waliendelea kuabudu sebuleni. Aliniambia nimwambie Babu kwamba kanisa lililokuwa hapa siku zile lilikuwa la watu kama yeye.

Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Sikulisema kwenye simu. Kabla ya Februari 2019 wamisionari walipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, na sasa tunapiga kila wiki, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Lakini unajua masikio ya Babu. Simu ilishikwa na mtoto, naye kila wiki aliuliza jambo lilelile, kwamba nimekula nini, nami nikimtajia kenkey ya Wafante iliyofungwa katika majani ya mgomba, anacheka na kumweleza Susu kwamba mjukuu wao amekuwa mtu wa ugali mchachu. Maneno ya yule mama niliyaweka yawe ya uso kwa uso, mimi nimeketi kwenye kile kigoda chake, bila mtu katikati. Sasa sijui niyapeleke wapi.

Siku ya pili baada ya msiba tulikwenda kwa mvuvi mmoja tunayemfundisha. Kwa kawaida tunamtembelea Jumanne, kwa kuwa wavuvi wa pwani hii hawaendi baharini siku hiyo, hukaa kushona nyavu. Safari hii tulikwenda Jumamosi kwa sababu alitukaribisha mazishini kwa jirani yake. Wenyeji wa huku humheshimu maiti kwa namna ambayo Babu angeipenda: mabango yenye picha ya marehemu ukutani, hema na viti mpaka barabarani, watu wa kila umri wamevaa nyeusi na nyekundu. Mwenza wangu alikuwa amemweleza mvuvi habari zangu. Hakuniambia maneno mengi. Alinivutia kiti, akanikalisha upande wa wafiwa, na watu wakapita wakinishika mkono mmoja baada ya mwingine kama vile maiti alikuwa wangu. Hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza.

Nakuandikia haya ili ujue sikuachwa peke yangu, na ili usimwambie Nahodha wala mtu mwingine kwamba nimefungiwa. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba familia haikatwi na kaburi. Baba na Mama waliunganishwa kuwa mume na mke hata milele katika hekalu la Nairobi mwaka jana, baada ya hekalu hilo kuwekwa wakfu Mei 2025. Kabla ya hapo Wakenya walisafiri mpaka Johannesburg, na nauli hiyo iliwashinda wazazi wangu. Siku hiyo Babu aliwasindikiza mpaka stesheni ya Kibwezi, ingawa hakukubaliana nao. Habari za kubatizwa hekaluni kwa niaba yake yeye marehemu sitazigusa mpaka nitakapokaa na Susu, kwa maana yeye ndiye mwenye neno. Jumamosi ibada ni ya AIC, kama alivyoishi, nami nimewaomba watu wa tawi letu waimbe na wenzao na wasiseme zaidi ya pole.

Sasa niseme ninachokuomba. Kaburi litafunikwa saa saba ya kwenu, ambayo ni saa nne ya hapa. Wajukuu watakapoitwa kutia udongo, naomba utie wa kwako, kisha utie mwingine na ulitaje jina langu kwa sauti, ili wajomba wasikie kwamba nimesimamiwa. Baba nimeshamwambia, atakupa nafasi. Wageni wakiondoka, kaa na Susu umsomee ukurasa niliouambatisha. Yamo maneno ya yule mama, yote, pamoja na swali lenyewe. Msomee kwa Kikamba, taratibu, na akitaka urudie, rudia. Tena kuna Biblia ya Babu, ile yenye jalada lililoshonwa. Mtu asiichukue kwa haraka za msiba. Mwombe Susu aifungie sandukuni. Wajomba wakianza kulisema kanisa, tafadhali usinipiganie. Wapishe waseme, wamefiwa.

Na wewe utasafirije? Utapata ruhusa kazini, au utatoka Nairobi usiku wa Ijumaa? Nauli unayo? Nani watabeba jeneza, na je, yule ndugu yetu wa Mombasa amekubali kuja baada ya ile habari ya shamba? Susu anakula? Analala na nani usiku? Mama Mapacha amekwenda kumwona? Mvua imenyesha huko, au watachimba kaburi kwenye ardhi kavu? Na ile mitihani yako ya uhasibu ya CPA, uliifanya au uliahirisha tena? Nijibu hata kwa kifupi kabla ya Jumamosi. Wiki hii nimeruhusiwa kuangalia ujumbe wa nyumbani kila jioni.

Nisalimie wazazi wako.

Ndugu yako,
Mutinda