Nauza siti Mkanaledi, ila chumba cha meli nilinunua nimefumba macho

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama ni mkubwa, na kama tuko rika moja basi mambo vipi. Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji aliyeandika humu kwamba ukisafiri na zile meli kubwa za kitalii usihangaike kuchagua chumba, nunua garantii, yaani unalipia daraja la chumba na chumba chenyewe wanakupangia wao, bei iko chini na mara nyingi unapandishwa daraja bure. Nilipoisoma nilicheka peke yangu kibandani mpaka abiria mmoja wa Masasi akaniuliza dada kulikoni. Hajadanganya, ila katoa nusu ya habari, na ile nusu aliyoiacha mama yangu kailalia usiku saba.

Mimi nauza tiketi za basi hapa stendi ya Mkanaledi, mwaka wa 14 huu. Kazi yangu yote ni siti. Mteja akija namuuliza dirishani au njiani, mbele au katikati, una mtoto, unatapikaga, goti linakusumbua? Namfungulia chati anachagua mwenyewe, maana kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita mia tano na mtu uliyemuweka siti ya nyuma kabisa juu ya tairi bila kumwambia atakuapiza kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Daraja la Mkapa. Sasa mimi huyohuyo, mdogo wangu anayeishi Uingereza aliponipigia kwamba kapata safari ya meli siku 7, Southampton kwenda Norway na kurudi, tumpeleke mama na shangazi wakaione dunia, nilimuuliza swali moja tu. Shilingi ngapi?

Akasema kuna bei mbili. Ukichagua chumba mwenyewe kwenye ramani ni hela hii, ukichukua garantii unapunguziwa pauni 140 kwa kila chumba. Tulikuwa wanne vyumba viwili. Nikapiga hesabu haraka haraka kwa shilingi, nikasema chukua garantii, mama anaenda kulala tu humo. (Viza sisemi, tulihitaji ya Uingereza na ya Ulaya zote mbili, hiyo ni barua nyingine kabisa.)

Karatasi ya bukingi ilipokuja kwenye simu, pale panapotakiwa kuwa na namba ya chumba paliandikwa herufi tatu tu, GTY. Nikajua ni jina la ghorofa. Kumbe maana yake ni kwamba chumba bado huna. Ulichonunua ni daraja. Yaani kampuni inakuahidi hutalala chini ya daraja ulilolipia, kama umelipia chumba cha ndani kisicho na dirisha basi utapata cha ndani au cha juu yake, kama umelipia cha dirisha hawawezi kukushusha ndani, cha baraza hivohivo. Ahadi inaishia hapo. Kiko mbele au nyuma, juu ya jiko au chini ya disko, karibu na lifti au mwisho wa korido, hayo ni yao wao.

Mtu wa korosho atanielewa upesi. Ukishapeleka gunia zako chama cha msingi zikapimwa zikapewa gredi zikaingia ghalani, mnunuzi kwenye mnada ananunua gredi na tani, hachagui gunia la mzee fulani wa Nanyamba kwa sababu alikausha vizuri. Anachukua atakachopakiliwa. Kwenye garantii wewe abiria ndio mnunuzi wa namna hiyo.

Tofauti na korosho ni kwamba huku melini mpangaji ana sababu zake, na mdogo wangu alinielezea vizuri baada ya kuulizia sana (baada, sio kabla). Meli inabidi iondoke imejaa, kitanda kikienda kitupu hela yake haipatikani tena, kama siti tupu kwenye basi langu ikishapita Mingoyo. Vyumba vya bei ya chini ndio vinaisha kwanza, vya juu vinabaki. Sasa chukulia vya ndani vimebaki kumi, kampuni inaweza kabisa kuuza garantii kumi na tano, kwa sababu inajua juu kuna vya dirisha havina mtu na inajua pia kuna watu wataghairi kabla ya siku ya mwisho ya kumalizia malipo, ambayo makampuni mengi wanaiweka kama miezi miwili mitatu kabla ya safari. Ikifika hapo wanaona nani kabaki nani katoka, halafu wale wa garantii wanatumika kuziba mashimo. Wakizidi chini wanasukumwa juu. Huko kupandishwa bure anakosema msomaji wetu ndio huko, umesukumwa upishe wa nyuma yako, haijalishi ulivaa vizuri au jina lako limewapendeza. Na siku hizi makampuni mengi yanakutumia kwanza meseji uweke dau la kupandishwa, mnada kabisa, kwahiyo chumba kizuri kilichobaki kinatafutiwa mwenye hela kabla hakijafikiriwa kwa wa bure.

Kuna jambo lingine sikuwahi kuliwaza. Meli ya watalii inahesabiwa watu wawili kila chumba, ila vyumba vingine vina vitanda vya kushusha ukutani vya mtu wa tatu na wa nne. Ile Icon of the Seas iliyoanza safari 2024 ina ghorofa 20, ukihesabu wawili wawili ni wageni 5,610, ukijaza kila kitanda wanafika 7,600. Kwahiyo chumba cha watu wanne hawampi mtu wa garantii mapema akalale na mkewe tu, wanakishikilia wakisubiri familia yenye watoto. Familia isipotokea ndio wanakiachia, mwishoni kabisa, ndio maana kuna mtu anapangiwa chumba wiki ileile aliyolipa na mwingine anakijua akiwa bandarini na begi mkononi. Halafu vitanda kuwa vitupu haimaanishi vinauzika, maana kila upande wa meli una vituo vya kukusanyikia na boti za kuokolea na kila kituo kina idadi yake, ikijaa hata kama rumu za upande huo zina vitanda vya ziada haviuzwi. Hapo mimi siwalaumu hata kidogo. Titanic ilizama 1912 boti hazitoshi watu, mkataba wa kwanza wa usalama baharini ukaandikwa 1914, na sisi Watanzania tulioona MV Bukoba mwaka 1996 hatuna cha kubishana na mtu anayehesabu vichwa.

Basi chumba chetu kilikuja siku kumi na moja kabla. Viwili. Cha mama na mimi ghorofa ya juu karibu na mwisho wa nyuma, cha shangazi na mdogo wangu ghorofa ya chini, mbele kabisa, pale meli inapoanza kuchongoka. Mdogo wangu akapiga simu akaambiwa kwa upole chumba cha garantii kikishapangwa hakibadilishwi, na ule ukaribu tuliouomba unahusu meza ya chakula tu. Nikamwambia achana nao meli ni meli, watakutana. Mhariri, zile meli zina mita mia tatu hivi kwenda mbele, ni kama mtu akae mwanzo wa soko na ndugu yake akae nje ya geti la mwisho, na katikati kuna lifti zenye foleni. Mama ana miaka 72 na goti la kulia halikunji vizuri.

Usiku wa kwanza tumelala fofofo. Saa kumi na nusu alfajiri nikasikia kitu juu ya dari, grrrrr, kimya, grrrrr, halafu kama kiti kinaburuzwa, halafu tena vile vigurudumu. Nikaijua ile sauti kabla sijaamka vizuri, ni mkokoteni juu ya sakafu ngumu. Mama naye macho kodo gizani, chumba cha ndani hakina dirisha ni giza la kaburi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hawa wanashusha mzigo gani saa hizi?" Juu yetu palikuwa ule ukumbi wa chakula cha kujipakulia, vijana wanapanga vyombo vya asubuhi. Kila siku. Siku ya tatu mama alishaanza kuamka na kuswali kabisa kabla hawajaanza, anakaa kitandani anasubiri, vikianza anasema haya, chai inakuja.

Kwa shangazi ilikuwa tofauti. Alfajiri meli ikiingia Bergen, bandari ya Norway, zile mashine za pembeni zinazoisogeza gatini zikaanza kunguruma chini ya godoro lake, kikombe kikatembea chenyewe mezani, na siku waliyotia nanga kwenye fiyodi, ule mkono mwembamba wa bahari katikati ya milima, mnyororo wote unapita kwenye chuma karibu na kichwa chake, alitoka koridoni na kanga moja akiita jina la marehemu mumewe. Tulimcheka mno, hata yeye. Ila pia mbele ndio panapopanda na kushuka sana bahari ikichafuka, na bahari ya kaskazini ilichafuka usiku mmoja, yeye akatapika mpaka asubuhi wakati sisi wa nyuma tulitikisika tu. Mtu yeyote aliyepanda boti kutoka Msimbati au Kilwa Masoko anajua kukaa katikati, ndio maana wazee wanapakaa. Tuliijua hiyo tangu utoto, tukailipia tusiitumie.

Tulienda kaunta ya wageni. Dada wa pale mstaarabu sana, akaangalia kompyuta, meli imejaa. Nilitaka kugomba, halafu nikajiona mimi mwenyewe siku za kufunga shule, mtu ananililia nimbadilishie siti na basi limejaa mpaka kiti cha konda, nikanyamaza.

Kwahiyo kwa msomaji wetu nasema hivi. Kama uko peke yako au wawili, vijana, mnalala popote, hamjali upande wala ghorofa, chukua garantii na pauni zenu mkanunulie kahawa, kweli mnaweza mkabahatika. Na mjue kupanda daraja kwenyewe kuna mitego, jirani yetu mmoja wa mezani alilipia cha ndani akapewa cha dirisha bure, akafurahi, kufungua pazia boti ya kuokolea imeziba kioo chote, rangi ya machungwa asubuhi mpaka jioni. Ila kama una mzee, una mgonjwa, mnaenda kundi na mnataka kukaa karibu, au mtu anahitaji kile chumba chenye mlango mpana na bafu la kuingia na kiti cha magurudumu, hicho unakiomba kwa jina na unajaza fomu yake mapema, usikitegemee kwenye bahati nasibu. Na uangalie vilevile, bei za garantii sehemu nyingine zinakuja zimenyolewa vitu vingine, huchagui hata saa ya kula.

Na kwa mawakala wenzangu, maana sasa Lindi na Mtwara watu wanaziona hizi meli zikitia nanga Kilwa, wageni wanashushwa kwa viboti kwenda kwenye magofu, na wenye ndugu nje wanaanza kuulizia na wao wapande. Tuacheni kutafsiri hili neno garantii kuwa "chumba cha uhakika". Nimeliona limeandikwa hivo kwenye tangazo moja la wasap la wakala mmoja wa Dar, uongo mtupu, kisicho na uhakika ni chumba chenyewe! Mimi nimeshaandika langu kwenye karatasi ukutani kibandani: DARAJA UMELIPIA, CHUMBA WATACHAGUA WAO. Wateja wa basi wananiuliza hii ya nini, nawaambia subirini.

Mdogo wangu kapiga tena juzi, kuna safari nyingine. Safari hii kanitumia ramani ya meli nzima kwenye simu na mimi nimekaa nayo siku mbili kama chati ya basi, natafuta rumu ya katikati, ghorofa za chini chini, juu yake vyumba na chini yake vyumba. Nimezipata mbili zinazotazamana. Nikamwonyesha mama, akavaa miwani akaikodolea, akanirudishia simu. Anauliza kama nina hakika ule mraba mweupe pembeni yake sio jiko.

Muuza tiketi,
Stendi ya Mkanaledi, Mtwara