Mwanangu, picha zako hazina jiko

Wete, Jumapili baada ya laasiri

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Picha zako za vyumba unavyotaka kupanga huko mjini Unguja zimefika, nimezitazama mpaka simu ikanizimikia mkononi. Nimeona feni, nimeona dirisha, nimeona kitanda cha chuma, nimeona hata choo, tena cha kuvuta, hongera. Jiko sikuliona. Vyumba vitatu, Mkunazini, Michenzani na Fuoni, na hukusimama hata kimoja mahali pa kupikia ukapiga picha. Nilimwonyesha baba yako, akasema, "Si atakula mkahawani." Karafuu za mwaka gani hizo zitakazomlisha mtu mkahawani siku 30 za mwezi, mimi sijui.

Nyumba za namna zote tatu hizo nimeshazikaa kabla baba yako hajatuleta huku Pemba, na kila nilipohama chungu changu kilibadilika. Mtu hudhani anakula anachokitaka. Kule mjini nyumba ndiyo inayokuamulia.

Nianze na Michenzani kwa sababu ndipo nilipokulia. Bibi yako alikuwa na nyumba ya udongo hapo hapo yaliposimama majumba sasa. Boriti na fito zilizokandikwa, paa la makuti, baraza mbele, na nyuma ua mpana wenye mafiga matatu na mofa ya kuokea mkate wa mtama. Ikavunjwa kupisha nyumba za maendeleo, zile alizozianzisha Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na sisi tukapewa fleti ghorofa ya nne. Nilikuwa na miaka 7. Nakumbuka tulivyokimbizana kwenye ngazi siku nzima, maana ngazi ndefu namna ile hatukupata kuziona, na bibi yako amekaa juu ya furushi la nguo anauliza, "Na ua uko wapi?"

Ua haukuwapo. Kulikuwa na jiko jembamba lenye dirisha. Aliyelichora, popote alipo, hakupata kumwona mwanamke wa Kizanzibari akikuna nazi. Nazi hukunwa umekaa chini juu ya mbuzi, miguu umeinyoosha, sinia mbele. Bibi yako akikaa jikoni miguu inatokeza ukumbini, na sisi tunairuka tukipita. Mwisho akawa anakaa upande upande, bega ukutani, na hivyo ndivyo alivyokuna nazi mpaka alipofariki.

Kinu ndio ulikuwa msiba wenyewe. Siku ya kwanza alipotwanga kisamvu, jirani wa ghorofa ya tatu alipanda mbio akidhani dari linaanguka. Ikabidi kinu kiteremshwe chini kwenye majani kati ya jumba na jumba, na kila mwenye kutwanga anateremka nacho, mtoto nyuma kabeba mchi. Baada ya miezi kadhaa kinu hakikupanda tena. Mofa ilivunjika wakati wa kuhama. Mkate wa mtama nyumbani kwetu ukaisha hivyo, wala hakuna aliyekaa akaamua uishe. Tukala mkate wa boflo wa dukani, tena wa foleni, maana miaka ile kila kitu kilikuwa foleni: mchele, unga, sukari. Mimi nilikuwa natumwa alfajiri kuweka jiwe langu kwenye mstari.

Na kwa kuwa jiko lilikuwa dogo, watu walizoea kula chini. Jioni ukishuka Michenzani mpaka leo utakuta mishikaki, pweza, juisi ya miwa, na urojo. Urojo wa mtaani kwetu naujua nikifumba macho. Rojo la unga wa ngano lililotiwa manjano na embe mbichi mpaka likachachuka, ndani mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, juu chipsi za muhogo za kuvunjavunja, chatine ya nazi na pilipili. Watu wa Bara wanauita mix, wacha wauite. Angalia tu rojo lisiwe zito kama uji. Likisimama kwenye kijiko, huyo muuzaji anabana embe.

Nilipoolewa tukapanga chumba Malindi, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba kuukuu. Hicho chumba chako cha Mkunazini kinanikumbusha kile. Umeniandikia kwamba ni kirefu lakini chembamba kama ukumbi, ukadhani mwenye nyumba amekigawa. Hakukigawa. Dari za nyumba zile zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita 3, basi na chumba hakizidi. Wewe kitazame ukuta. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa zenyewe. Mwenye nyumba akishapiga lipu ya saruji juu yake, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza taratibu huku rangi inang'aa. Kwenye picha yako nimeona pembeni ya dirisha rangi imevimba kama andazi. Paguse. Likidondoka vumbi la chokaa, mwambie dalali ahsante, uondoke. Bait al-Ajaib yenyewe, jumba la sultani, ilibomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 mchana kweupe.

Lakini sitakudanganya, Malindi tulikula vizuri kuliko kote. Diko la samaki liko chini ya pua, Darajani ni mwendo wa dakika chache. Nilikuwa nanunua samaki kidogo kidogo, wa leo tu, kwa sababu mkaa na maji vyote vinapanda ngazi mgongoni. Sikupika mchuzi wa nazi wa kukaa motoni saa nzima, mkaa ungeniishia. Nilipika chukuchuku: samaki, tungule, kitunguu thomu, ndimu, pilipili, na seredani, lile jiko la mkaa, inazimwa. Baba yako mpaka leo anadhani mimi ni fundi wa chukuchuku. Ule ulikuwa ubahili wa mkaa tu.

Forodhani tulikwenda tukipata wageni. Ile pizza ya Zanzibar, unga uliokunjwa na nyama na yai ndani ukakaangwa kwenye bamba, ni tamu, sikatai, ila ni chakula cha matembezi. Usiifanye chakula chako cha usiku.

Fuoni unaikumbuka mwenyewe. Ulikuwa na miaka minane ule mwaka umeme ulipokatika Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa kuharibika njia ya umeme wa kutoka Bara. Miezi mitatu. Nilikuwa nimejaza friji samaki wa wiki, nikawagawa mtaa mzima siku ya pili. Kisha maji nayo, kwa sababu pampu inakwenda kwa umeme, tukarudi kwenye kisima cha jirani, ambacho choo chao hakikuwa mbali nacho hata hatua kumi. Nilichemsha kila tone. Nyinyi mkalalamika maji yananuka moshi. Chakula kikarudi kuwa ng'onda na papa mkavu, maharage ya nazi, muhogo. Ila Fuoni tulikuwa na ua, mwanangu. Nikapiga mafiga, nikaokota vifuu na makumbi, na katika giza lile nikapika kama bibi yako alivyokuwa akipika kabla ya fleti. Siku zile ndizo pekee ulizopata kula wali wa kuni mjini, nawe ulisema una ladha ya bati.

Sasa mambo ya kuuliza. Hapo Fuoni uliza mita ya tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia, maana wa kuchangia daima ndiye asiye na friji anayelipia friji ya mwenziwe. Uliza maji yanatoka saa ngapi, na wala usimwulize dalali, muulize mtoto anayepita na ndoo. Chumba ukakiangalie magharibi inapokaribia. Dalali amekupeleka saa nne asubuhi, saa ambayo hakuna anayepika. Jioni utajua moshi wa jirani unaingia dirisha gani, na nani atakuwa anakaanga samaki chini ya shati lako uliloanika. Masika hii uliza pia njia ya kuingilia inajaa maji au la. Ukishahamia tu, nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ujitambulishe. Barua ya sheha wa huku nimeshakuchukulia.

Najua moyo wako uko Mkunazini. Ningekuwa mimi ningeshika Michenzani kwa khalati yako, dada yangu, ghorofa ya pili, maji yanafika. Hutaki kwa sababu atakuuliza unatoka wapi saa hizi. Kweli atakuuliza, na atakuwa amekufunikia wali chini ya kawa. Shauri lako.

Alhamisi mtoto wa jirani yetu anashuka Mkoani kupanda boti. Nimempa kipolo chako. Ndani mna ng'onda, mchele kidogo wa shamba, karafuu za chai, na barua ya sheha nimeitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Ng'onda nusu ni za khalati, umpelekee hata kama hukai kwake. Chini kabisa, kimefungwa kwenye kanga, ni kile kibao cha mbuzi cha bibi yako. Meno yake yamelika upande wa kulia tu, kwa ule ukaaji wake wa bega ukutani. Ukikuna, geuza kifuu kwa kushoto, huko bado yana makali.

Mama yako