Chati za namba zibaki na sura ya mkono

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wapiga vinanda na magitaa wanaoandaa kwa kompyuta chati za kordi, yaani karatasi zinazoonyesha noti zipi zipigwe pamoja. Mfumo wa namba, alioubuni Neal Matthews wa kundi la Jordanaires huko Nashville, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, huandika nafasi ya kordi ndani ya ufunguo, yaani 1, 4 na 5 badala ya C, F na G za ufunguo wa C, ili mwimbaji aliyekaukiwa na sauti akiomba ufunguo ushushwe, karatasi ibaki ileile.

Programu nyingi za muziki zimejengwa juu ya mistari mitano ya kuandikia noti, kwa hiyo umbo la almasi linalozungushiwa namba, yaani kordi ipigwe mara moja na kuachwa ilie, hulazimu kutafutiwa njia. Mimi huficha mistari hiyo, kisha huandika namba kama maneno, kwa fonti nene ya mwandiko wa mkono. Wapo wanaoiona fonti hiyo kuwa pambo tu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani Jumapili alfajiri, taa zikiwa hafifu, ndiyo inayosomeka kutoka kwenye stendi.

Nawasihi walimu wa kwaya wahifadhi pia nakala za PDF, maana Finale, programu ya kuandikia muziki iliyotumika tangu 1988, ilitangazwa kusitishwa Agosti 2024.

Mpiga kinanda wa kwaya,
Morogoro