Kuhusu yule Mumcu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila joto limetuchosha. Umeniuliza mbona nimemng'ang'ania huyu Uğur Mumcu, mwandishi wa habari wa Uturuki. Haya, nikueleze.

Alizaliwa Kırşehir mwaka 1942, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Ankara, akabaki hapo hapo kuwa mhadhiri msaidizi. Mwaka 1971 wakuu wa jeshi waliilazimisha serikali kujiuzulu, naye akatiwa ndani kwa sababu ya maandishi yake. Alipokwenda kutumikia jeshi, wasomi wenzake walipewa uofisa. Yeye akanyimwa, akapelekwa Patnos, mashariki kabisa, awe askari wa kawaida asiyeaminika. Mkasa huo akauandikia kitabu cha kuchekesha! Hapo ndipo aliponinasa.

Kuanzia 1975 akawa na safu yake katika gazeti la Cumhuriyet. Watu husifu ujasiri wake. Mimi nasifu subira yake ya kusoma makaratasi, maana ujasiri hata mropokaji anao. Mchukue Mehmet Ali Ağca: alimuua mhariri Abdi İpekçi mwaka 1979, akatoroka gereza la kijeshi, na Mei 1981 akampiga risasi Papa Yohane Paulo wa Pili. Dunia ikabishana nani kamtuma. Mumcu akafuatilia pasipoti bandia, fedha, na magendo ya silaha na dawa za kulevya. Miaka michache baadaye akafichua kwamba maimamu waliotumwa Ulaya na serikali ya Uturuki walilipwa mishahara na jumuiya ya Kisaudi, tena chini ya majenerali waliojigamba kwamba dola yao haifungamani na dini. Hiyo ndiyo kazi yake ninayoipenda kuliko zote.

Jumapili, 24 Januari 1993, bomu lililotegwa garini mwake lilimuua nje ya nyumba yake Ankara. Wapo waliohukumiwa baadaye, lakini swali la nani aliwatuma halijaisha. Mkewe, Güldal, aliingia bungeni mwaka 2007, akawa naibu spika. Jina la mumewe limepewa wakfu unaofundisha vijana uandishi wa uchunguzi.

Sasa, yule mdogo wako anayesomea uandishi, akifunga chuo mlete kwangu. Nina hukumu moja ya mahakama, nene kweli kweli. Aimalize yote kwanza, halafu ndiyo aniambie anaonaje.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaisha