Mafundi wa Mwanza waache kukata hita kimya kimya

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee jambo ambalo naona linapita tu hapa mjini kwetu na hakuna anayelisemea, labda kwa sababu ukitaja hita mbele ya mtu wa Mwanza kitu cha kwanza anacheka. Hita ya nini na jua hili la Nyakato? Na hapo hapo kwenye kicheko ndo mafundi wanapopitia. Unapeleka gari kwa sababu inapunguza maji, unarudishiwa jioni imepona, unalipa, unaondoka, baada ya miezi unamuuzia mtu mwingine, na yeye siku moja anafungua boneti anakuta mipira miwili inayoenda ndani ya gari imekatwa ikaunganishwa kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Hita haipo tena. Hakuna aliyeambiwa.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita, inafanana na rejeta ya mbele inayopoza maji ya injini ila unaweza kuishika kwa mkono mmoja, maji ya moto ya injini yanaingia kwa mpira mmoja yanatoka kwa mwingine na feni inapuliza hewa katikati. Kwenye hizi Corolla, Carina na Mark II za miaka ya tisini tunazosukumana nazo hapa hiyo rejeta ina umri wa gari lenyewe, na wengi wetu tumeinywesha maji ya bomba au ya ziwani miaka yote. Maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu, yanakula aluminiamu, yanaacha tope na magadi kwenye vile vimirija vyembamba, afu fundi mwingine akiona rejeta kubwa inavuja anamwagia unga wa manjano humo ili uzibe tundu. Unaziba kweli, ila hauchagui pa kuziba, na vimirija vya hita ndo vyembamba kuliko vyote kwa hiyo vinaanza vyenyewe.

Dalili zake watu wanazichanganya sana. Kapeti la upande wa abiria likilowa fundi anakwambia ni maji ya AC, mrija umeziba, anapuliza upepo mnalipana. Inawezekana kweli ni AC, lakini maji ya AC ni meupe, mepesi, hayana harufu, na AC ikiwa imezimwa wiki nzima hayaongezeki. Kulanti, yaani yale maji yenye dawa ya kupozea injini, inateleza kwenye vidole, ina rangi, ina harufu ya utamu tamu (japo kama gari lako linabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hiyo habari ya harufu isahau), na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta mafuta ambao ukifuta kwa kitambaa ndo unazidi kuchafuka. Pamoja na hayo maji ya injini yanapungua na chini ya gari hakuna tone. Sasa angalia hasara ya wale wa maji ya bomba: hayana rangi wala harufu, kwa hiyo hata king'ora chenyewe hawana, watahangaika na mrija wa AC mpaka gari ichemshe.

Na msidanganyike kwamba ukifunga hita inaacha kuvuja. Magari mengine maji yanapita humo saa zote, kile kitufe unachozungusha kinafungua kilango cha upepo tu.

Narudi kwenye hoja yangu. Sisemi kuunganisha ile mipira ni dhambi. Umekwama njiani, rejeta ya hita imepasuka, mvuke unamchoma abiria miguu, hapo fundi akiunganisha mipira ukafika nyumbani amekuokoa na mimi nampongeza. Tatizo ni pale cha dharura kinapogeuzwa kuwa matengenezo ya kudumu bila mwenye gari kujua. Na kuna wanaofanya vibaya zaidi, hawaunganishi, wanaziba ncha zote mbili kwa vizibo. Kwenye injini kadhaa ile njia ya hita ni sehemu ya mzunguko, ndo inapeleka maji ya moto kwenye themostati, kile kilango kinachoruhusu maji yaende rejeta kubwa yakipata moto, ili ijue lini ifunguke, ukiiziba themostati inachelewa, gari inaanza kupandisha temperecha, na fundi yule yule anakushauri sasa tuitoe na themostati maana huku kwetu ni joto haina kazi. Hapo gari imeshapoteza vitu viwili na bado mnasema mmetengeneza!

Kazi ya hita Mwanza ipo. Kwanza mvua. Zile za Machi na Aprili ukiwa umejaza watu kwenye gari vioo vyote vinaziba ukungu, AC ya gari kuukuu ilishakufa siku nyingi, hewa ya moto kwenye kioo ndo inakusafishia, vinginevyo unaendesha huku unafuta kwa kiganja barabara ya Nyerere imejaa boda. Pili safari, kuna watu wanatoka hapa wanaenda Njombe au Makambako mwezi wa saba na watoto wadogo, mkifika huko hamtacheka tena. Tatu, na hili madereva wa zamani wanalijua, temperecha ikianza kupanda kwenye mlima, tuseme umevuka mbuga ya Wembere unapanda Sekenke na mzigo, unafungua hita mpaka mwisho na feni yote, vioo chini, mnatoka jasho lakini injini inapata rejeta ya ziada na unafika sehemu ya kuegesha salama. Maji yawe bado yamo lakini, yakishaisha hita inapuliza baridi na hapo zima gari haraka.

Halafu tukumbuke tulipo. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huku maji matupu kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 96, sio 100 tuliyofundishwa shule. Kwenye gari kinachoyashikilia yasichemke ni presha ya kile kifuniko cha rejeta, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu inakuongezea nyuzi kadhaa juu ya hapo. Kifuniko kimechoka, ndani maji ya bomba, unategemea nini? Zamani ukienda Sengerema au Geita angalau gari ilikuwa inapumzika Kigongo kwenye foleni ya kivuko, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 mtu anatoka Usagara ananyoosha moja kwa moja, raha kweli, ila injini mbovu nayo inanyooshwa moja kwa moja.

Mafundi watasema, na wana haki, kwamba kubadilisha hii kitu ni kazi. Ni kazi. Spea yenyewe sio ghali kivile ukilinganisha na ufundi, maana kwenye magari mengi dashibodi yote inashuka, usukani unaguswa, na kama kuna eabegi lazima utoe waya wa betri na usubiri kwanza ndo uanze kufungua. Boksi la hita mara nyingi limebanana na la AC kwa hiyo kama bado ina gesi itolewe kwa mashine, sio kuachiwa hewani. Mipira iliyokaukia kwenye bomba ikatwe kwa wembe kwa urefu, usiizungushe kwa plaizi, yale mabomba ni laini yanapinda na umeharibu hata ambayo ilikuwa nzima. Mfumo uoshwe kwa maji ya mpira taratibu mpaka yatoke safi kabla mpya haijafungwa, la sivyo tope la zamani linahamia kwenye mpya. Sponji za pembeni zirudishwe, watu wanazitupa wakidhani ni uchafu, kumbe ndo zinazuia hewa isipite pembeni. Mipira mipya, klipu mpya. Kulanti ya kuchanganya mwenyewe ichanganywe na maji ya betri yale ya kuongezea, sio asidi jamani. Na upepo utolewe: gari pua juu, hita kwenye moto, kifuniko wazi tangu injini ikiwa ya baridi, unawasha unaongeza taratibu mpaka mapovu yaishe. Ukisikia maji yanaguguma ndani ya dashibodi upepo bado umo.

Sasa kwa kazi kama hiyo fundi atoze hela yake, hakuna anayekataa. Ninachoomba ni kitu kidogo, amwambie mteja mapema: rejeta ya hita imetoboka, kubadilisha ni kiasi hiki, kuunganisha mipira ni kiasi hiki, chagua. Akichagua kuunganisha aandikiwe kwenye risiti ili na atakayenunua gari kesho ajue. Wenye gereji mnaosoma hili gazeti sidhani kama hilo linawashinda.

Jambo lingine dogo nisilisahau, kulanti ya zamani isimwagwe kwenye mtaro. Ni sumu na ni tamu, mbuzi na mbwa wanailamba, na mitaro mingi ya hapa katikati inaishia mto Mirongo na Mirongo unaishia ziwani tunakochota. Ikingwe kwenye beseni iwekwe kwenye dumu lenye kizibo.

Na wewe mwenye gari, kabla hujatoa hela acha injini ipate moto, fungua hita mpaka mwisho, kisha gusa kwa uangalifu ile mipira miwili ukutani nyuma ya injini. Yote ikiwa ya moto na hewa ndani inaunguza, lipa. Mmoja wa moto mwingine wa baridi, rejeta ya hita imeziba au koki ya maji yake haijafunguka. Ukikuta imeunganishwa na hukuambiwa, usitoe hata mia mpaka mwongee.

Dereva wa gari kuukuu,
Buzuruga, Mwanza