Barua ya wazi kwa Gavana wa Banki Kuu ya Kongo: usianze na franka 500 za butiki

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mama wa butiki hapa Lubumbashi, komini ya Kampemba. Kwenye kaunta yangu nimebandika karatasi: ukilipa kwa kadi kitu kisichofika franka 10,000, unaongeza franka 500. Si mimi peke yangu niliyefanya hivyo, na wateja hawaipendi hata kidogo. Kuna wanaosema mbele yangu, tena kwa sauti, kwamba Banki Kuu ingetukataza. Nakuandikia kabla hawajakufikia. Ukitukataza leo bila kugusa kinachofanyika nyuma ya mashine ya kadi, wa kwanza kuumia watakuwa wao.

Wanaolipa vitu vidogo kwa kadi huku kwetu si matajiri. Tangu serikali ilipoanza, mwaka 2011, kupitisha mishahara ya wafanyakazi wake kwenye banki, mwalimu na muuguzi wana kadi mfukoni. Siku ya mshahara foleni ya mashine ya kutolea pesa inafika barabarani, na zikitoka ni dola, ambazo zikiwa na mpasuko hata wa ukucha hakuna anayezipokea. Kwa hiyo anakuja kwangu na kadi, anataka sukari na sabuni. Ana haki kabisa. Ila kila anapoiingiza kadi, kuna watu watatu wanaokula kabla yangu: banki iliyompa kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na banki iliyoniwekea mashine. Wote wanakata kwenye pesa yangu. Mteja haoni kitu, risiti yake inaonyesha bei ya sukari tu.

Sasa hesabu. Bei za banki zinatofautiana mkataba kwa mkataba, kwa hiyo nachukua namba nyepesi za mfano: asilimia 2 ya malipo, pamoja na franka 400 zisizobadilika kwa kila malipo. Mtu akinunua vitu vya franka 200,000 kwenye duka kubwa la mjini, zinakatwa 4,400. Hiyo ni asilimia 2.2, inavumilika. Akinunua kwangu vya franka 4,000, zinakatwa 480. Hiyo ni asilimia 12, Mheshimiwa! Hakuna kilo ya sukari inayoniachia faida ya asilimia 12. Bora angeniomba deni. Ubaya hauko kwenye asilimia, uko kwenye zile franka 400 zinazobaki palepale hata malipo yakiwa madogo kiasi gani. Hata banki isipoziita ada, ikiandika tu kwamba makato hayashuki chini ya kiasi fulani, matokeo ni yaleyale.

Na pesa inayobaki baada ya kukatwa bado haijanifikia mkononi. Inakaa banki mpaka iingie, nami muuzaji wa jumla wa unga anataka noti, asubuhi, kabla gari halijashushwa. Naenda kuitoa, nalipa tena. (Siku umeme na mtandao vinapokatika sisemi, hizo tumezizoea.)

Utauliza mbona kwenye simu hatugombani. Mteja anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money anaambiwa “tuma na ya kutolea,” anatuma, basi. Pengine ananung'unika, lakini haniiti mwizi, kwa sababu bei ya kutoa anaijua mwenyewe, ameilipa mara nyingi kwa wakala. Bei ya kadi anayeijua ni mimi na banki yangu tu. Ndiyo maana franka 500 zangu zinaonekana kama nimezibuni usiku.

Waliotangulia wametuachia mafunzo. Ulaya walikataza maduka kuongeza ada kwenye kadi za kawaida za wateja mnamo Januari 2018. Lakini hawakuanzia hapo: Desemba 2015 walikuwa wameshaweka kikomo kwenye ada inayokwenda kwa banki ya mwenye kadi, asilimia 0.2 kwa kadi za debiti (zinazokata akaunti yako palepale) na 0.3 kwa za krediti (za mkopo). Kwanza waliibana banki, ndipo wakambana muuzaji. Wanaokunong'oneza habari za Ulaya wakumbuke mpangilio huo.

Marekani walikosea mahali ambapo na sisi tunaweza kukosea. Mwaka 2011 waliweka kikomo kwa kadi za debiti za banki kubwa: senti 21 kwa kila malipo, na asilimia 0.05 juu yake. Kwa manunuzi makubwa kilikuwa nafuu. Kwa kikombe cha kahawa kikawa balaa, kwani zamani mitandao ilikuwa na bei ya chini kwa malipo madogo, na baada ya kikomo ikaipandisha bei hiyo mpaka ikafika kwenye kikomo chenyewe. India wamekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2020 muuzaji hakatwi kitu kwenye malipo ya UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu kutoka akaunti ya banki, na serikali inazifidia banki kutoka hazina. Hilo silikuombi. Hazina yetu naijua.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wako, maana sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 imekupa kusimamia mifumo ya malipo. Ondoa ada isiyobadilika, na kiwango cha chini cha makato, kwa malipo yote yasiyofika franka 10,000. Ibaki asilimia peke yake. Na kadi iliyotolewa na banki ya Lubumbashi, ikitumiwa Lubumbashi, isilipishwe kama ya mgeni aliyetoka ng'ambo. Siku hayo yatakapoanza kufanya kazi, nikatazeni hizo 500. Nitaibandua karatasi mwenyewe.

Mkianza na mimi, nitafanya kile ambacho muuza butiki yeyote angefanya. Ama mashine itakuwa “imeharibika” kwa kila anayenunua kitu kidogo, ama nitapandisha sukari kwa wote, na mama wa Katuba asiyekuwa hata na akaunti atalipia kadi ya mwalimu bila kujua.

Tena zilazimisheni banki zitangaze makato yao, kwa Kiswahili na kwa franka, zikionyesha mfano wa malipo ya franka 5,000. Zisionyeshe mfano wa dola 100 peke yake. Kwenye dola 100 banki zote zinaonekana nafuu.

Kwa heshima,
Mama wa butiki, Kampemba, Lubumbashi