Salamu za Krismasi, na ile sweta ya mkono wa maruni

Wapendwa wangu wote, ndugu, majirani, watu wa chama na wa kanisani, Mungu ametufikisha Desemba nyingine na si wote walifika. Nawatakia Krismasi njema yenye amani, upendo na baraka tele, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Mwaka 2025 umetukunja jamani. Nauli ya Nyahururu ishapanda maradufu na sikukuu yenyewe bado, mafuta ya kupikia ndio usiseme, na sisi bado tunalipa bili ya hospitali ya mama tuliyemzika mwezi wa sita. Mwaka jana saa kama hizi alikuwa jikoni anasukuma chapati, ananigombeza ati nimemwaga maji mengi kwa unga, na redio yake inapiga muziki wa country kama kawaida.

Juzi nilikosa usingizi nikaangalia tena zile film mbili za TV za utoto wa Dolly Parton, yule mwimbaji wa country wa Marekani, ile ya 2015 na ya Krismasi ya 2016. Huko milima ya Tennessee, mwaka 1955, kinyumba kidogo kimejaa watoto, baba mkulima hajui kusoma. Huyo Dolly alipozaliwa daktari alilipwa gunia la unga wa mahindi, na kwa bei ya unga ya sasa naona daktari alifanya biashara nzuri tu.

Sasa kuna ile koti ya Dolly ya rangi nyingi. Mama anaungaunga vitambaa huku anamhadithia mtoto habari ya Yusufu (Biblia yetu inasema tu kanzu ndefu, rangi haijazitaja, lakini tuachane na hayo), mtoto anaenda shule anaringa, wenzake wanamcheka. Hapo nikasimamisha film. Mimi nikiwa darasa la nne mama alifumua sweta tatu kuukuu akanifumia moja ya shule, uzi wa kijani ukaisha akiwa mkono wa kushoto, akamalizia na maruni. Kila asubuhi nilikuwa naivua kabla ya kufika geti, naisukuma kwa begi, na mnajua baridi ya kwetu, jioni naivaa tena nikikaribia nyumbani. Siku moja aliikuta imekunjwa chini ya vitabu. Hakusema kitu, aliikung'uta tu akaianika. Dolly yake aliiimba 1971 dunia nzima ikaijua, yangu ilikaa kwa begi, na sikuwahi kumwambia mama pole.

Kuna pia kitoto Larry, mdogo wake Dolly. Mama yao alikuwa anawagawia wakubwa watoto wachanga, huyu wako, yule wako, na Larry alikuwa wa Dolly, asiishi. Film haikimbii hapo, inakaa na ile huzuni mpaka unachoka nayo, na ndivyo matanga yalivyo, watu wakishaenda na viti vikirudishwa ndio unaanza kulia vizuri. Ya pili ni nyepesi, baba na watoto wanajinyima ili mama apate pete ya ndoa ambayo hakuwahi kuvishwa. Na Dolly mwenyewe mwezi wa tatu 2025 alimzika mumewe Carl Dean, waliyeoana 1966, na miaka 80 yake ya Januari 2026 ni bila yeye.

Kwa hivyo ndugu zangu, msikope kwa simu eti mtoto avae nguo mpya tarehe 25! Wazazi acheni kushindana na majirani, vijana acheni kuona haya kwa sababu ya ushago na paa la mabati lenye kutu, piga simu kwa mzazi leo usingoje ukishuka na mbuzi, samehe aliyekukosea, rudi kanisani, mtoto wa jirani asiye na kitu muite ale, Mungu haangalii lebo ya nguo anaangalia roho, sikieni wenye masikio.

Basi Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Walio karibu karibuni kwetu tarehe 25 jioni tuangalie hiyo ya pete, chapati zitakuwepo ingawa maji nitaweka mimi. Mbebe viti.